Ukija kutembea Mji wa Kale Mombasa, saa sita mchana kaa ndani

Kila likizo ya Disemba naona mambo yaleyale. Watu wameshuka na treni kutoka Nairobi, wamelala hoteli huko Nyali ama Bamburi, wameamka saa nne, chai wamekunywa polepole, halafu saa sita juu ya alama ndo tuktuk inawashusha pale Fort Jesus, jua liko utosini. Wanazunguka ngome nusu saa, wanapiga picha na mizinga, wanatoka wamelowa jasho wanauliza maji baridi yako wapi, na safari imeisha hapo. Wakirudi kwao wanasema Mji wa Kale ni joto na kuta kuukuu. Si kweli bana, saa ndo imewaponza.

Mji wenyewe ni mdogo. Mashariki ni maji, ule mkono wa bahari unaoingia mpaka Tudor, na magharibi ni Digo Road, katikati hapo ni nyumba za watu, misikiti, maduka na vichochoro ambavyo vingine hata mkokoteni unapita kwa taabu. Gari halikusaidii kitu. Na wenyeji wanaishi kwa jua na kwa adhana: asubuhi wako nje, adhuhuri wanaswali wanakula wanajilaza, milango ya maduka mengi inarudishwa, halafu baada ya swala ya alasiri ndo mji unaamka tena mpaka usiku. Kwa hivyo ukitaka kuuona gawanya siku yako mara mbili kama wao, asubuhi mapema na jioni, na hapo katikati ulale ama ukae mahali pana feni.

Asubuhi basi. Toka hotelini bila kunywa chai, hilo la kwanza. Kufika ni rahisi, mwambie wa tuktuk akushushe Fort Jesus, hakuna asiyepajua, lakini patana bei kabla hujakaa, manake ukishakaa ushapoteza nguvu ya kubishana. Ukishuka usikimbilie ngome, bado haijafunguliwa, inafungua saa mbili. Ingia mtaani utafute mbaazi na mahamri. Mbaazi za nazi, mahamri ya moto yana iliki, chai ya maziwa, na hazihitaji hoteli kubwa, fuata tu pale unapoona watu wamejazana na mama anaopoa mahamri kwenye karai. Ukichelewa sana zinakwisha na hakuna wa kukuhurumia.

Saa mbili ingia Fort Jesus. Beba kitambulisho kwa sababu Mkenya analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na simu iwe na pesa maana siku hizi malipo ni kwa simu. Pale mlangoni kuna watu watakuja kujitolea kukutembeza, wengine wanajua historia kuliko wewe na mimi, wengine wanajua kuongea tu. Uliza bei mwanzo, uliza ni kwa muda gani, na kama hutaki sema "asante kaka, leo natembea mwenyewe" kisha uendelee, hakuna ugomvi.

Ndani jipe saa moja na nusu hivi. Wareno waliianza 1593 wakaimaliza 1596, aliyeichora ni Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiiangalia kwa juu inafanana na mtu amelala chali kichwa kimeelekea baharini. Waomani waliizingira kuanzia 1696 mpaka 1698 ndo wakaichukua, karibu miaka 3 watu wamefungiwa humo, hebu wazia. Waingereza nao wakaigeuza jela toka 1895 mpaka 1958, halafu 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Watu wengi wanakwama kwenye mizinga, mimi nakushauri usikose vitu viwili. Kwanza chumba cha vitu vilivyotolewa kwenye jahazi la vita la Wareno, Santo António de Tanná, lililozama hapohapo chini ya ngome 1697 na wapiga mbizi wakaja kulifukua kuanzia 1977. Pili ile njia ya matao iliyochongwa ndani ya jiwe la matumbawe inayoteremka kuelekea baharini, hapo pana baridi nzuri na utaelewa chakula na watu walikuwa wanaingizwa vipi. Baada ya hapo panda ukutani upande wa maji, uone mji wote umejipanga kando ya bahari, ujue unakoelekea.

Ukitoka shika Ndia Kuu, inaanzia karibu na ngome na kukupeleka moja kwa moja ndani. Hapa nenda taratibu. Angalia juu kwenye roshani za mbao, angalia milango iliyonakshiwa, lakini kumbuka nyuma ya kila mlango kuna mtu anapika mchuzi wake. Hapa ndo wageni wengi wanaharibu. Wanaegemea mlango wa mtu kupiga picha, wanakaa kwenye baraza ya nyumba kama benchi ya stendi, wanawapiga picha kina mama waliovaa buibui bila hata salamu, na watoto wanaocheza wanarekodiwa tu ovyo. Baraza ni ya mwenye nyumba. Ukitaka kukaa omba, na hutanyimwa, kwanza utaongezwa na kahawa.

Salamu ndo tiketi ya huku. Ukimkuta mzee amekaa: "Shikamoo mzee." Atakujibu "Marahaba mwanangu, watoka wapi?" na hapo tayari una mwenyeji wa bure. Salaam aleikum inafanya kazi popote, hata kama si Mwislamu hakuna atakayekuona vibaya. Kina mama wakubwa waite mama, wa rika lako kaka na dada. Wabara mnapenda kuanza na "niaje, nionyeshe hii njia", mzee anakuangalia tu anageuza uso, halafu mnasema watu wa Mombasa wana maringo.

Mavazi sasa, manake huulizwa sana. Hakuna atakayekulazimisha mtandio lakini mabega na magoti yafunike, mwanamke kwa mwanamume. Kaptula fupi na nguo ya kuogelea ni za bichi, hapa unapita mlangoni mwa misikiti na madrasa. Dada akiwa na leso moja kwenye mkoba imemsaidia, anajitanda, anajifunika jua, anaikalia. Ukitaka kuingia msikitini usiingie tu, uliza kwanza walioko nje, na wakati wa swala acha watu waswali. Msikiti wa Mandhry unaonekana vizuri tu ukiwa barabarani, unahesabiwa umejengwa tangu 1570 na mnara wake mweupe mnene haufanani na minara ya siku hizi.

Kutoka Mandhry endelea mpaka uteremke Bandari ya Kale. Hii ndo sehemu naipenda kuliko ngome, na ndo watu wanairuka. Kabla Kilindini haijawa bandari kubwa, upande ule reli ilikoanzia 1896, meli na majahazi yote yalikuwa yanatia nanga huku. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuwa yanakuja na kaskazi, ule upepo unaoshika kama Disemba mpaka Machi, wakauza tende, mazulia, vyombo, wakangoja kusi igeuke iwarudishe kwao na boriti za mikoko. Siku hizi ni vyombo vichache, lakini bado utakuta jahazi linapakia, wachukuzi wana magunia mabegani na nahodha anapiga kelele. Na ukiwa hapo angalia maji: yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti ni kubwa mpaka chombo ulichokiona kinaelea asubuhi mchana unakikuta kimekaa kwenye tope. Soko la samaki liko jirani, nenda mapema ndo uone changu, tafi, nguru, kolekole na pweza kabla havijaisha, na viatu viwe vya kufungwa, sakafu ni maji ya samaki.

Picha bandarini uliza askari wa getini kwanza. Ni eneo la forodha, si kila pembe inaruhusiwa, na akisema hapana ni hapana, usianze kujificha na simu kwenye mfuko.

Karibu na hapo kuna Leven House na ngazi zake zinazoshuka mpaka majini. Jina limetoka kwa meli ya Kiingereza HMS Leven iliyokuja 1824, wakati Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa walitaka Waingereza wawakinge na sultani wa Oman. Kinga yenyewe haikufika mbali, 1826 ilikuwa imekwisha. Zile ngazi huwa na utelezi, polepole.

Kupotea utapotea, na hakuna shida. Ukiteremka utafika baharini, ukipanda kuelekea kelele za magari utatokea Digo Road. Ramani ya simu kwenye vichochoro inachanganyikiwa, mtoto wa miaka saba atakuelekeza vizuri zaidi. Kuhusu usalama, mchana ni sawa, ila simu usitembee umeinyoosha mbele kama tochi, na usiku pita njia zenye watu.

Ikifika saa tano na nusu toka juani. Kula. Kama ni Ijumaa tafuta biriani, ndo siku yake, lakini ujue pia maduka yatafungwa wakati wa swala ya Ijumaa, hivyo kama kuna kitu unataka kununua nunua kabla. Kisha lala. Sitanii, lala, ama kunywa madafu chini ya mti, usijitie ushujaa wa kutembea saa saba.

Rudi saa kumi na nusu. Kwa jioni nakupa njia mbili, chagua moja usitake zote. Ya kwanza ni kupanda mpaka Marikiti, ile Mackinnon Market ya tangu 1914 iliyoko Digo Road, ununue viungo, halafu Biashara Street kwa leso. Leso zinauzwa mbili mbili, fundi wa kukata na kupinda yuko hapohapo nje na cherehani yake. Soma jina la leso kabla ya kulipa, wallahi, kuna leso ukimpelekea mama mkwe kama zawadi itabidi mwite wazee wa kusuluhisha. Na beba kikapu chako, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2017.

Ya pili ni kuchukua tuktuk mpaka Lighthouse, huko Mama Ngina, kwenye mibuyu mikubwa. Hapo meli za makontena zinapita karibu mno kuingia Kilindini, zinaziba upeo wote, hata mtu mzima anaacha kutafuna akitazama. Unanunua krisps za mhogo zenye pilipili na ndimu, madafu, mabuyu, achari ya maembe, unakaa. Kama mna watoto chagua hii, wakichoka wana nafasi ya kukimbia.

Yoyote utakayochagua, baada ya magharibi rudi Mji wa Kale kula. Viazi karai na ukwaju, mishkaki, bajia, kachri, mhogo wa kuchoma, vyote ni vya barabarani na vya moto, onja kidogo kidogo usijaze tumbo kwa kituo cha kwanza. Halafu tafuta muuza kahawa mwenye dele na makaa yake, kahawa tungu kikombe kidogo, na kipande cha halua ama kashata. Waliokaa hapo watakuwa wanabishana mpira ama siasa za kaunti, na ukikaa kimya kidogo utavutwa tu.

Ramadhani mambo yanabadilika. Mchana usile wala kunywa hadharani mtaani, hata maji geuka pembeni, na sehemu nyingi za chakula zitakuwa zimefungwa. Lakini jioni, kuanzia alasiri vinapoanza kupangwa vya kufuturu, sidhani kuna wakati mji huu unapendeza zaidi, watu wako nje mpaka usiku wa manane. Miezi mingine, Aprili na Mei ni masika, vichochoro vinajaa maji. Januari na Februari joto ni la kweli. Julai na Agosti kuna upepo mzuri, ndo ningekwambia uje.

Na kama unarudi na treni ya usiku toka mjini mapema. Stesheni iko Miritini, si mjini, na foleni ya Makupa mpaka Changamwe jioni haina adabu, halafu ukifika kuna ukaguzi wa mizigo wenye laini ndefu. Kahawa ya pili iache kwa safari ijayo.