SOMO: Vifaa vya kuanzia kazi za fensi za mashamba (soma kabla ya kuniuliza "mashine ipi nzuri")

Wakuu, swali hili naulizwa kila wiki: "Nataka nianze kuchukua tenda za fensi, ninunue mashine gani?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia uzi huu. Kazi zangu ni Dodoma, Manyara na Handeni, nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa na seng'enge.

1. Pima shamba kwa miguu yako. Shamba la ekari 40 lenye umbo la mraba lina mzunguko wa kama mita 1,600. Nguzo kila mita 3, hayo ni mashimo zaidi ya 530. Seng'enge nyuzi tano, mita 8,000. Ukishapata hesabu hiyo ndiyo uende dukani.

2. Vifaa vya mkono: mtarimbo, sururu, chepe, kamba, futi, nyundo, plaizi ya kukatia, glovu za ngozi, miwani. Vya watu wawili.

3. Mashine ya kuchimbia mashimo. Hapa ndipo nilipochemka, kwa hiyo tulieni.

Ya kwanza niliichagua kwa ukubwa wa injini na unafuu wa bei. Ya kushikwa na mtu mmoja, keekee (ile skrubu kubwa inayochimba) ya upana wa milimita 300, wakati nguzo zangu zilikuwa za unene wa milimita 100. Kazi ya kwanza ikawa kwenye udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaonata, siku mbili baada ya mvua. Shimo la tatu, keekee ikazama kama skrubu kwenye ubao laini, udongo ukaigandia, injini ikazima. Rivasi haina. Tukaivuta watu wanne, haikutikisika. Mwenye shamba alipoleta chai alitukuta na sururu, tunachimba shimo la kuitolea mashine ya kuchimba mashimo. Hakucheka. Aliuliza tu kama na siku hiyo nitaihesabia malipo.

Kwa hiyo:
- Angalia udongo kwanza, injini baadaye. Mbuga ikiwa imelowa, subiri au chimba kwa mkono.
- Keekee izidi nguzo kwa sentimita 5 hadi 10, upate nafasi ya kushindilia. Nguzo ya milimita 100 inataka keekee ya 150 au 200. Ya 300 inakula nguvu bure na kukuachia udongo mwingi wa kurudishia.
- Shuka kidogo kidogo. Sentimita 15, inua, mwaga udongo, rudi.
- Ikinasa: ZIMA injini, chomoa pini, ondoa mashine, kisha zungusha keekee kinyume kwa spana ya bomba. Hili nililijua siku ya pili.
- Keekee ikigota jiwe au mzizi, mipini ndiyo inayozunguka. Kiwiko na mbavu ni zako. Nunua ya kushikwa na watu wawili. Handeni kwenye mawe mashine haishuki hata kwenye gari, ni mtarimbo tu.
- Oili kwenye petroli changanya kama kijitabu kinavyosema. Yangu ni mililita 40 kwa lita. Injini kama yangu ukiiwekea petroli tupu umeiua.

4. Nguzo za kati sentimita 60 kwenda chini, za kona 90 na mihimili yake. Kona ikilegea fensi yote imelala.

5. Vikazio vya waya vya mnyororo, viwili. Usivute seng'enge kwa gari.

6. Jenereta na mashine ya kuchomelea: usinunue, kodi tu.

---

Fundi_mpya: Mkuu somo zuri. Sasa mashine ipi nzuri?

Mwandishi: Namba 3.

Fundi_mpya: Nimeisoma, nataka jina tu la mashine.

Mwandishi: Udongo wa huko kwenu ukoje? Nguzo unene gani? Ukija na hayo mawili tutaongea.

Mzee wa Trekta: Namba 5 umetia chumvi. Mimi navutia kwa pikapu miaka yote.

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Dereva aliye ndani ya gari hauoni waya unapofikia mwisho. Ukikatika unarudi kama fimbo, na wa kwanza kupigwa ni kijana aliyesimama kwenye nguzo. Vijana wangu hawavutiwi waya kwa gari, na hilo silibishanii.

Mzee wa Trekta: Marahaba. Haya. Ila wenye keekee ya trekta waambie ile bolti ya kukatika wasiweke ngumu. Bora ikatike bolti kuliko giaboksi.

Mwandishi: Hiyo ni dhahabu.

Kiboko: Kwani seng'enge siwezi kuitia umeme nikaokoa hela?

Mwandishi: HAPANA. Mtu au ng'ombe akinaswa na miba hawezi kujinasua, anapigwa shoti mpaka basi. Umeme unataka waya laini, usio na miba.

Mama Parachichi: Kaka, kazi za fensi zikikata, mashine inaweza kuchimba mashimo ya miche? Niko Njombe, udongo mwekundu mzito.

Mwandishi: Dada, swali zuri. Inaweza, na ile keekee yangu ya 300 ndiyo kazi niliyoipatia. Ila kwenye mfinyanzi keekee inasugua kuta za shimo mpaka zinang'aa kama chungu. Mizizi inashindwa kupenya, inazunguka humo humo. Kwaruza kuta kwa uma wa bustani, upanue kwa jembe, ndipo upande. Kwa udongo wenu usichimbe ukiwa umelowa.

Mama Parachichi: Kumbe! Nina miche imedumaa mwaka wa pili, mashimo yalichimbwa hivyo hivyo masika.

Mwandishi: Fukua pembeni ya mmoja uangalie mizizi, utuletee picha.

Mfugaji Kongwa: Mafundi, na vipande vya waya mnavyokata? Ng'ombe anavimeza na majani, vinakaa tumboni, vinatoboa kuelekea moyoni. Nimechinja mmoja namna hiyo, kipande chenyewe hakifiki urefu wa kidole.

Mwandishi: Sikuiweka. Naongeza kwenye namba 2: ndoo ya vipande, kila mkataji na yake kiunoni.