Unataka kufosta mtoto? Jiandae hivi kabla afisa wa watoto hajabisha mlangoni

Nimetoka kumsaidia mama mmoja wa huku Manyatta, Kisumu, kutoka siku ya kuuliza fomu hadi siku afisa ameketi kwa sofa yake, na tangu hapo nimeulizwa maswali yaleyale na watu wengi, so wacha niyaandike mara moja.

Kwanza tuelewane. Kufosta si kuasili. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022 huyu mtoto unakaa naye kwa muda, anabaki wa kwao, na familia yake ikisimama vizuri anarudi. Ukitaka mtoto wa kuchukua jina lako na kurithi shamba, hiyo ni njia ingine, inapitia kortini, na usiwapotezee watu muda huku. Lakini kama uko tayari kumlea na kumwachilia, ofisi zinawatafuta watu kama wewe, manake serikali iko na mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kupunguza watoto kwa makao ya watoto na kuwarudisha kwa familia.

Hatua ya 1: Ofisi

Nenda ofisi ya watoto ya sabkaunti yako, wewe mwenyewe kwa miguu yako. Mtu akikwambia anajua mtu wa kusukuma faili, mwache hapo stejini. Na mtoto ukiletewa usiku na mtu humjui usikae naye kimya ati ushajipatia wa kulea, piga 116, laini ya kusaidia watoto, ni bure.

Hatua ya 2: Karatasi

Vitambulisho, ripoti ya daktari, barua ya chifu, watu wa kukusimamia, hizo unazijua. Afisa atakupa orodha yake, fuata yake si yangu. Mbili tu ndo husumbua. Ya kwanza ni ndoa: wengi wetu ng'ombe zilienda na cheti hakuna. Ndoa ya kimila husajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, so anza mapema au uulize kama afidaviti (kiapo cha maandishi) itatosha kwa sasa. Ya pili ni mapato: huna payslip? Steitimenti ya M-Pesa ya miezi kadhaa inaongea vizuri kuliko barua yoyote ya kuandikiwa saiba, ila ile PDF hufunguka kwa namba ya siri inayokuja kwa SMS, so usifute hiyo meseji kabla hujaprint. Weka kila kitu kwa springi faili. Hizi bahasha za kaki mimi sizitaki kabisa, karatasi hupotelea humo.

Hatua ya 3: Gud kondakti

Hiki ni cheti cha polisi cha kuonyesha kama una rekodi ya uhalifu. Unaomba kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, upande wa DCI (idara ya upelelezi), unalipa, unaprint. Fomu ya vidole ya C24 iprintiwe mbele na nyuma ya karatasi moja, mwambie kijana wa saiba kabla hajabonyeza, akikupa karatasi mbili hiyo haisaidii. Halafu vidole. Huyu mama niliyemsaidia hukwangura samaki kule Dunga, vidole vyake vimelainika hadi mistari haionekani, na hata fundi wa mawe au mtu wa kufua nguo za watu huwa hivyohivyo. Siku kadhaa kabla ya kwenda, pumzisha mikono kama unaweza, wacha Jik, paka Vaseline kila usiku, na siku yenyewe ifike ikiwa mikavu na safi. Alama zikitokea kama doa jeusi tu, omba zirudiwe hapohapo kwa fomu safi (beba C24 ya pili) kuliko kungoja wiki nyingi halafu usikie hazisomeki. Jina pia liandike vile liko kwa kitambulisho, si vile kanisani wanakuita.

Hatua ya 4: Watu wa nyumba

Sasa hapa ndo kazi iko na hapa ndo watu hawajiandai, wanaenda kununua pazia. Afisa haangalii sana una nini, anaangalia kama maneno ya watu wa nyumba yanashikana, na ataongea na kila mmoja, pengine kando. Mzee akiwa kazini Nairobi ataulizwa hata kwa simu. Yule mpwa aliyekuja kutafuta kazi na analala sitting room, mtaje, kwa sababu jirani atamtaja. Keti na watoto wako wa kuzaa kwanza. Usiwaulize kama wanataka mgeni, watasema ndio. Waulize nani atagawana kitanda na yeye, nani atahamishwa, akichukua kitu chao watafanyaje. Binti wa huyu mama alinyamaza, akachora na kidole kwa meza, mwisho akasema hataki mtu avae sweta yake ya shule. Tukapanga hiyo sweta.

Halafu swali la kiboko. Litakuja: mtoto akiiba mia mbili utafanyaje? Wengi hujibu nitamchapa kidogo tu. Katiba kifungu cha 29 inakataza adhabu ya viboko, na huyu ni mtoto ambaye labda ameshapigwa vya kutosha. Lakini pia usikariri jibu la semina ati utamketisha mwongee, kama watoto wako wataulizwa kando na waseme mama hushika mwiko. Afadhali useme ulivyolelewa, unachofanya leo, na utakachoacha. Kama hujaacha, anza na hao ulio nao, hata kama itakuchukua miezi, faili lingojee.

La mwisho kwa hatua hii, ongeeni siku mtoto atarudi kwao. Mama mkwe wa huyu mama alikuwa amesema mtoto huyu sasa ni wetu, na ikabidi mzee amweleze polepole, mara nyingi.

Hatua ya 5: Nyumba

Mabati si shida. Onyesha mahali mtoto atalala, na neti iwe imefungwa. Dawa ya panya na panga ziwe juu. Na ile chupa ya soda yenye mafuta ya taa chini ya meza, itoe leo, hata kama huna mpango wa kufosta.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Zima TV. Chai inatosha, usichinje kuku. Usichojua sema hujui. Akienda, andika kwa daftari kila kitu amesema ulete, uchukue namba yake, na ile laini uliyoandika kwa fomu usiibadilishe, manake anaweza kurudi bila kukwambia au akapigia jirani kwanza.