Kabla ya kujiandikisha kwenye kwaya ya kampasi

Kwa anayeanza masomo Lubumbashi na anatamani kuimba: usijiandikishe siku ya kwanza. Kaa nyuma, sikiliza mazoezi mawili, hesabu waimbaji wa kila sauti: soprano (wanawake, juu), alto (wanawake, chini), tenori (wanaume, juu) na besi (wanaume, chini). Kwaya yenye soprano kumi na tano na tenori wawili itakusukuma kwenye tenori hata kama koo lako ni la besi, nawe utamaliza mwezi ukikwaruza.

Kwa hiyo nenda ukiwa umejipima. Fungua programu ya kinanda kwenye simu, anzia do ya katikati (C4), shuka noti moja moja ukiimba "na". Mwanaume anayefika fa ya pili akishuka (F2), sauti ikiwa bado nzito na safi, ni wa besi. Anayeishiwa karibu na do inayofuata chini (C3), huyo ni tenori. Usijipime ukitoka kitandani: sauti ya alfajiri hushuka kuliko kawaida, itakudanganya.

Mwalimu akifundisha sauti yako peke yake, ndipo urekodi. Ukirekodi kwaya nzima, soprano watafunika kila kitu na alto hutaisikia kabisa. Simama katikati ya wawili wanaojua wimbo, si pembeni karibu na sauti nyingine.

Ulizia pia bei ya sare na michango (hiyo ndiyo huwatoa wengi, si muziki). Mazoezi huongezeka kuelekea Noeli na Pasaka, basi mpe kiongozi tarehe zako za mitihani mapema, kwa maandishi.