Jinsi ya kukuza boga ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba

Boga linalozungumziwa hapa si la futari. Ni Atlantic Giant, aina iliyoendelezwa na mkulima Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia, nchini Kanada, na ndiyo iliyozaa maboga yanayovunja rekodi za dunia miaka hii. Mwaka 2023 Travis Gienger wa Minnesota, Marekani, alipimisha la kilo 1,246.9 kwenye mashindano ya Half Moon Bay, California. Hicho kisiwe kipimo chako. Mwezi Juni kule Minnesota mchana hupita saa 15. Sisi tulio jirani na ikweta tuna saa 12 mwaka mzima, na jani halitengenezi sukari gizani. Kwa kiwanja cha mita 6 kwa 8, boga la kilo 50 ni kazi nzuri. Likivuka 100, waite majirani.

Linafaa zaidi nyanda za juu kama Lushoto, miteremko ya Arusha na Limuru, ambako usiku hupoa. Pwani inawezekana, lakini joto la usiku huangusha maboga machanga, na nzi wa matunda hawana likizo. Ukiwa Tanga au Mombasa na unataka kitu cha kushangaza wageni, ningekushauri viazi vikuu.

Hatua ya 1: Mbegu

Mbegu ya malenge ya sokoni haitakupa boga kubwa hata uilishe nini. Ukubwa uko kwenye damu kwanza, mbolea baadaye. Wakuzaji wa mashindano huzipa mbegu jina la uzito wa boga mama kwa ratili, jina la mkuzaji na mwaka. Pakiti ya kawaida iliyoandikwa Atlantic Giant tu inatosha kwa anayeanza. Ukiagiza nje, tafuta kwanza kibali cha kuingiza mimea kwa mamlaka ya afya ya mimea: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Mbegu zilizofichwa ndani ya bahasha ya barua huleta magonjwa, na zikikamatwa huteketezwa.

Hatua ya 2: Shimo

Pima mita 3 kwa 3 mahali penye jua kutwa, lima kina cha sentimita 40, changanya matoroli manane hadi kumi ya samadi ya ng'ombe iliyooza hadi haina harufu. Samadi mbichi ya kuku iache kabisa: inaunguza mizizi na kujaza chumvi. Ongeza mbolea ya NPK 17:17:17 gramu 450 kwa eneo lote. Udongo mwekundu wa milimani mara nyingi una tindikali, na boga linataka pH (kipimo cha tindikali) ya 6.5 hivi, lakini usimwage chokaa kwa kukisia. Pima kwanza, vituo vya utafiti wa kilimo vya KALRO Kabete (Kenya) na TARI Mlingano (Tanzania) hufanya kazi hiyo. Majivu ya jikoni nayo hupandisha pH, kwa hiyo yahesabu kama chokaa.

Eneo lililobaki lifanyie vivyo hivyo kwa kiasi kidogo kidogo, kwa sababu matawi yatafika huko na kutoa mizizi.

Hatua ya 3: Kuotesha na kuhamisha

Kwangua kingo za mbegu kwa msasa laini bila kugusa ncha iliyochongoka. Iloweke saa moja, izike sentimita 3, ncha chini, kwenye kopo la sentimita 15, mahali penye joto la nyuzi 27 hadi 30. Hamisha mara jani la kwanza la kweli linapofunguka, kabla mizizi haijaanza kuzunguka kopo. Shina kuu hukimbilia upande ulio kinyume na jani hilo, kwa hiyo geuza mche ili jani lielekee mpakani na shina lielekee kwenye nafasi.

Hatua ya 4: Shina moja, matawi yaliyopangwa

Mmea huu ukiachwa utazaa maboga kumi madogo na msitu wa majani. Kazi yako ni kuunyima mambo yote hayo isipokuwa moja. Acha shina kuu liende moja kwa moja. Matawi ya pembeni yanyooshe kulia na kushoto kama mifupa ya samaki, na kila moja likifika mita 3 kata ncha. Vichipukizi vinavyotoka kwenye matawi hayo ng'oa vyote, na nyuzi zinazojisokota pia, maana zitanyonga majani.

Vichipukizi hivyo ni mboga tamu, almradi hujapiga dawa. Lakini watu wa nyumbani waambie mapema kwamba majani ya mmea huu hayachumwi. Panda malenge mengine kando kwa ajili ya sufuria. Kila jani kubwa linaloondoka ni chakula cha boga kimeondoka.

Chini ya kila tawi chimba mfereji wa sentimita 5 hadi 8, tia kiganja cha samadi, laza tawi, funika vifundo (pale majani yanapotokea) kwa udongo na uache majani nje. Kila kifundo kitatoa mizizi. Hapo ndipo tofauti ya boga la kilo 30 na la 90 inapopatikana, wala si kwenye chupa za boosta za majani ambazo maduka ya pembejeo hupenda kukuuzia.

Hatua ya 5: Kuchavusha kwa mkono

Maua ya kiume hutangulia, yako juu ya kikonyo kirefu chembamba. La kike lina kiboga kidogo chini yake. Unalitaka la kike lililo kwenye shina kuu, mita 3 hadi 4 kutoka kwenye kitako cha mmea. La karibu zaidi litaanza kunyonya kabla mmea haujajenga majani.

Jioni ua likianza kugeuka manjano kwenye ncha, lifunge kwa uzi au lifunike kwa chandarua, na funga maua ya kiume matatu pia. Kesho yake kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, chuma ya kiume, menya petali, paka chavua kwenye kila kipande cha kichwa cha kike kilicho katikati. Kisha lifunge tena. Baada ya saa tatu joto likipanda chavua hupoteza nguvu. Chavusha mawili au matatu kwa siku tofauti, uyapime kila jioni, na yakifika ukubwa wa mpira wa miguu ubakishe moja: linalokua kwa kasi na lenye kikonyo kinene. Kukata mengine kunauma, lakini wenye maboga mawili huishia na mawili ya wastani.

Hatua ya 6: Kikonyo

Hapa ndipo maboga mengi makubwa hufia, na mwenye shamba huona siku ya mwisho tu. Kiboga kikianza, kikonyo hukaa kimeinamia shina kwa pembe kali. Boga likinenepa, mabega yake husukuma shina. Shina nalo limeshikwa ardhini na mizizi ya vifundo vya jirani, haliwezi kusogea. Kitu kimoja lazima kiachie, na kinachoachia ni kikonyo: hung'oka upande wa boga, maji na kuvu huingia, na wiki moja baadaye unasikia harufu.

Kwa hiyo, kwanza, vifundo vilivyo ndani ya sentimita 75 kila upande wa boga visifunikwe udongo. Vikiwa vimeshatoa mizizi, ikate kwa kisu chini ya kila kifundo. Usiogope, mmea una mizizi mingine tele.

Pili, geuza boga taratibu hadi kikonyo kisimame pembe mraba na shina. Anza siku ya tano au ya sita baada ya kuchavusha na umalize kabla ya wiki mbili kuisha, maana baadaye kikonyo hukomaa na kuwa kama mti. Fanya alasiri tu. Asubuhi shina limejaa maji na hukatika kwa kuguswa; saa tisa au kumi, baada ya jua, limelegea. Sogeza sentimita 3 hadi 5 kwa siku, si zaidi, na uweke kijiti laini upande wa pili lisirudi. Ukiona mstari mweupe umejitokeza kwenye ngozi ya kikonyo, simama hapo hapo na urudishe kidogo. Siku za mawingu na mvua ruka zoezi zima.

Tatu, vuta shina lenyewe mbali na mabega, likae kama upinde mpana unaolikimbia boga. Tawi la pembeni linalotoka kwenye kifundo cha boga liondoe mapema, vinginevyo litabanwa na kuoza. Jani la kifundo hicho liache mpaka libanwe, kisha likate.

Nne, boga halikui kwa upana tu. Kimo kikiongezeka, kikonyo hupanda na kulinyanyua shina. Weka chini ya shina viroba vilivyojazwa mchanga au nyasi kavu, uongeze kadiri linavyopanda. Liwe limelegea muda wote. Ukiligusa likiwa limekaza kama waya, kuna mizizi uliyoisahau.

Ufa mdogo wa juu juu kwenye kikonyo hutibika: ukaushe, upake unga wa salfa, usiufunike kwa plastiki. Ufa uliofika hadi kwenye uwazi wa ndani hauna dawa.

Kabla boga halijazidi ukubwa wa papai, lipe kitanda: mchanga mkavu sentimita 5, juu yake kiroba cha sandarusi kinachopitisha maji. Ukichelewa hutaweza kulinyanyua bila kuvunja hayo yote uliyoyapanga. Juu lifunike kwa shuka kuukuu au kitenge, kwani jua kali hukomaza ngozi na ngozi ngumu hupasuka.

Hatua ya 7: Maji na mbolea

Mche unatosheka na lita 10 kwa siku. Boga likiwa katika kasi, kwa kawaida kati ya siku ya 20 na ya 40 baada ya kuchavusha, mmea mzima unaweza kutaka lita 100 hadi 150, zikiwa zimesambazwa kwenye eneo lote lenye mizizi na si kwenye kitako pekee. Mwagilia asubuhi, chini, bila kulowesha majani. Kinachopasua boga ni ukame wa siku nne ukifuatwa na mafuriko ya siku moja. Matandazo mazito ya nyasi yatakusaidia mvua za vuli zikija ghafla.

Mbolea ya naitrojeni ya CAN, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 10 za maji, mara moja kwa wiki hadi siku ya kuchavusha, kisha iache. Baada ya hapo tumia salfeti ya potasiamu gramu 20 kwa lita 10. Naitrojeni nyingi wakati huo huleta majani mazuri na boga linalopasuka.

Hatua ya 8: Wadudu

Nzi wa matunda hutaga ndani ya kiboga kichanga, kwa hiyo kivalishe mfuko wa chandarua ua likishanyauka, hadi ngozi ianze kukaza. Sota hukata miche usiku. Kopo lisilo na kitako likizungushiwa mche linatosha. Ubwiri unga ukionekana kama vumbi jeupe juu ya majani, piga salfa ya kuyeyuka jioni, kamwe si kwenye jua kali kwani huunguza. Jani lenye mabaka ya kijani kibichi na manjano lililojikunja ni virusi vinavyosambazwa na vidukari. Mmea mchanga wenye dalili hizo ng'oa.

Hatua ya 9: Kupima na kuvuna

Chukua utepe wa fundi cherehani, upime jioni saa ile ile: mzunguko ulio sambamba na ardhi, kutoka ardhini kupita juu hadi ardhini, kutoka kikonyo kwenda kitovu, na vivyo hivyo kutoka ubavu hadi ubavu. Jumlisha. Jumla ikishuka kasi ghafla kabla ya siku ya 40, kagua kikonyo, unyevu, na chini ya boga kama kuna sehemu laini.

Jumla isipobadilika kwa wiki nzima, kata shina sentimita 10 kila upande wa kikonyo. Kikonyo si mpini, usilivute kwacho. Libingirishe juu ya turubai nene, watu wanne washike pembe, mpaka kwenye mizani ya magunia. Nyama yake ina maji mengi na ladha hafifu, ng'ombe wataifurahia kuliko wewe. Mbegu zioshe, zianike kivulini wiki mbili, na andika kwenye bahasha uzito na mwaka. Kama hukulifunga lile ua siku ya kuchavusha, andika pia kwamba baba hajulikani.