Mbuzi iliyobaki jikoni kwangu ni ya kukunia nazi

Ukimwambia mtu wa Tanga kwamba siku hizi unakula mboga tu, atakuuliza mboga gani. Kwetu mboga ni chochote kinachosukumia ugali au wali: samaki ni mboga, nyama ni mboga, dagaa ni mboga. Mimi mwenyewe nilizaliwa huko na bado nilijisahau. Mwezi wa kwanza baada ya kuacha vitu vya mnyama nilimpigia simu mama mkubwa kabla ya kwenda kumwona, nikamwambia, "Mama, siku hizi nakula mboga tu." Nikafika nikakuta jogoo mzima kapikwa kwa nazi. Mama kakaa mkekani ananitazama nitakavyofurahi. "Si ulisema unataka mboga? Haya, hiyo hapo."

Kwa hiyo la kwanza kabla ya mapishi: taja vitu kwa majina. Sema, "Sili nyama, sili samaki, sili mayai, situmii maziwa wala samli. Maharage nakula, mchicha nakula." Neno vegani, yaani mtu asiyetumia chochote cha mnyama, usilitumie kwa shangazi yako, halitakusaidia. Donald Watson na wenzake wachache waliliunda Uingereza mwaka 1944 kwa kuchukua kichwa na mkia wa neno lao la wasiokula nyama, vegetarian, nao walikuwa na haja nalo. Kwetu linasikika kama jina la dawa ya minyoo.

Kwa nini niliacha? Nilikuwa mfugaji. Kuku wa nyama 200, banda la mabati nyuma ya nyumba huku Mbagala, Dar es Salaam. Kifaranga unampokea ana siku moja, manjano, anaenea kiganjani. Unamwekea maranda na jiko la mkaa, na wiki ya tano wateja wako mlangoni. Wiki hiyo ya tano kuku amekuwa mzito kuliko miguu yake, maana mbegu yake imechaguliwa miaka mingi kwa kunenepa haraka, mifupa ikaachwa nyuma. Mmoja nilimkuta anajikokota kwa mbawa kuelekea chombo cha maji. Nilimsogezea chombo, akanywa, akainua kichwa kama wanavyofanya, akanywa tena. Kesho yake asubuhi nikamuuza pamoja na wenzake, miguu imefungwa kamba, vichwa chini, kwenye usukani wa bodaboda. Hela nilizipata. Kuku sikumla tena.

Mayai na maziwa vilifuata baadaye, nilipojua kwamba vifaranga madume wa kuku wa mayai, kwa kuwa hawatagi wala hawanenepi haraka, sehemu nyingi wanauawa siku hiyo hiyo wanayoanguliwa. Na ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae, sasa yule ndama anakwenda wapi? Sitaendelea, maana umekuja kupika.

Usianze na nyama za bandia za dukani. Ni ghali, na nyingi zina ladha ya karatasi iliyotiwa chumvi. Anza na vyakula ambavyo umevila tangu utoto bila kujua kwamba vina jina la kigeni: maharage ya nazi, mchicha wa karanga, bamia, kunde, choroko, mihogo ya nazi, magimbi ya futari, viazi vitamu, vitumbua, kachori za viazi. Nilipoandika orodha ya mambo niliyokula kwa mama nikiwa mdogo, nilikuta zaidi ya nusu hayana mnyama. Nyama ilikuwa ya Ijumaa na ya wageni.

Mpishi wa pwani anayetaka kupika hivi anahitaji kujua kitu kimoja vizuri kuliko vingine, nacho ni tui. Watu wengi wakilalamika kwamba chakula kisicho na nyama kimepwaya, ukichungulia sufuria utakuta tui limemwagwa lote mara moja, likachemka hovyo, likakatika.

Nunua nazi kavu. Itikise sikioni usikie maji yakicheza. Isiyo na maji iache pale pale sokoni. Tazama na yale macho yake matatu, yasiwe na unyevu wala ukungu. Ukishaivunja kaa juu ya mbuzi, kuna kwa kuizungusha, usikwangue mpaka kwenye ngozi ya kahawia kwa sababu tui litachafuka rangi. (Mbuzi huyu ndiye pekee aliyebaki jikoni kwangu, na hajawahi kulia.) Mwenye blenda akate vipande asage na maji vuguvugu, sawa tu, ingawa mimi naona tui la mbuzi lina utamu wake.

Tia kikombe kimoja cha maji vuguvugu, fikicha kwa mkono, kamua kwenye kifumbu au chujio. Hilo ni tui la kwanza, zito, liweke pembeni. Rudia kwa vikombe viwili vya maji: hilo ni tui la pili, jepesi. La pili ni la kupikia, la kwanza ni la kumalizia. Ukishatia la kwanza usifunike sufuria, punguza moto, chukua upawa uwe unachota na kumimina, unachota na kumimina, mpaka lianze kutokota taratibu. Simu ikiita iache iite. Tui ukilipa mgongo linakatika, mafuta yanaelea juu na maji yanabaki chini. Ndimu nayo kamulia ukishaepua.

Sasa mbaazi. Hizi ndizo ninazompikia mtu asiyeamini. Chukua nusu kilo ya mbaazi kavu, chagua mawe, loweka usiku. Asubuhi mwaga maji yale, tia mengine, chemsha mpaka ukiminya moja kwa vidole viwili inapondeka bila kubisha. Kwangu kwenye mkaa ni kama saa moja na nusu, ila ukiuziwa za msimu uliopita utakaa jikoni mpaka adhana ya adhuhuri. Zikiiva, mwaga maji yaliyozidi, tia tui la pili, kitunguu kikubwa kimoja kilichokatwa, manjano kijiko cha chai, chumvi, na pilipili mbuzi moja nzima, kikonyo chake juu, isipasuke. (Haya, mbuzi wa pili huyo, nilimsahau kumhesabu.) Acha tui lishuke mpaka lishikamane na mbaazi, kisha tia tui la kwanza na ufanye ule mchezo wa upawa. Epua likiwa bado linatiririka kidogo, maana likipoa linaganda.

Ule na mahamri ya moto: unga, hamira, sukari, iliki iliyotwangwa, na badala ya maji, tui. Hakuna yai humo, na hakujawahi kuwa na haja nalo.

Mtihani wenyewe ni kisamvu. Watu wa kwetu wamezoea kukitia ng'onda, yaani samaki mkavu, au dagaa, na ukiviondoa mtu anasema kuna kitu kimepotea. Kweli kimepotea: moshi na chumvi. Basi virudishe kwa njia nyingine. Weka bilinganya moja na nyanya mbili juu ya mkaa mpaka ngozi iungue kabisa, menya, ponda, tia kwenye kisamvu kabla ya tui pamoja na karanga zilizokaangwa na kusagwa. Bilinganya inabeba moshi kama samaki mkavu. Mdogo wangu alikula sahani mbili ndipo akauliza dagaa wamefichwa wapi mbona hawaonekani. Kisamvu chenyewe lazima kitwangwe vizuri na kichemshwe muda mrefu, sufuria wazi, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu. Usikifanyie haraka wala usikile kibichi kwa sababu umeona mtu mtandaoni anakunywa majani kama juisi.

Maharage mekundu nayo yana ukorofi wake. Yaloweke, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu, moto mkali, dakika 10 kwa uchache kabla hujapunguza moto. Yaliyopikwa nusunusu yanaweza kukuweka chooni usiku kucha.

Pilau? Inapikika. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, siyo kwenye nyama, na wengi hawaamini mpaka waone. Kaanga vitunguu vitatu kwa mafuta mpaka viwe na rangi ya kahawa, karibu kuungua lakini visiungue, hapo usiogope. Tia kitunguu saumu na tangawizi, bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, karafuu, iliki, halafu viazi, halafu dengu ulizochemsha. Yale maji ya dengu ndiyo supu yako ya kuivishia mchele. Chapati ni unga, maji ya moto, chumvi na mafuta, sahau samli. Vitumbua unavijua.

Nje ya nyumba ndiko kwenye kazi. Mama ntilie wangu wa karibu na kituo cha daladala nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza kama maharage yana nyama. "Hayana, mwanangu." Akanipakulia, halafu kwa huruma zake akachota upawa wa mchuzi wa ng'ombe akayamwagia. "Nimekuongezea, yasikukabe." Utamkasirikia vipi mtu kama huyo? Siku hizi nauliza maswali matatu: yameungwa na nini, mafuta gani, na naomba usinimwagie kitu juu. Wali wa nazi, maharage, mchicha, kachumbari, na sahani imejaa. Chai sema ya rangi. Mjini, Mtaa wa Kisutu penye mahekalu ya Kihindi, na mitaa ya jirani, utapata vyakula visivyo na nyama vya kutosha, lakini ndugu zetu wale wanapenda maziwa na samli, kwa hiyo bhajia za unga wa dengu kula, vitamutamu ulizia kwanza. Halua yetu pia mara nyingi ina samli, nami hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Kuna jambo la mwili ambalo sitaki ulipuuze, hata kama mtu mwenye ndevu ndefu kwenye video amekuambia mimea ina kila kitu. Haina vitamini B12. Mchicha hauna, uyoga usiutegemee, udongo usiooshwa kwenye karoti usiutegemee. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo sana, lakini ukikikosa kwa muda mrefu damu inapungua na mishipa ya fahamu inaharibika, ganzi vidoleni, kusahau. Nenda duka la dawa, nunua vidonge, meza. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetaka kumlisha mtoto mdogo hivi azungumze kwanza na muuguzi wa kliniki, asijaribu kwa kubahatisha.

Madini ya chuma yamo kwenye maharage, choroko na majani, ila mwili unayachukua kwa kusuasua. Ndimu, nyanya mbichi au chungwa kwenye mlo huo huo vinasaidia, chai inazuia. Chai yangu nimeihamishia saa moja baada ya kula, na hilo, nakiri, lilikuwa gumu kuliko kuacha nyama.

Watu watakuuliza kama unaumwa. Mimi nimeulizwa kama nina presha, kama nimebadili dini, na jirani mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama nimefilisika. Usihutubie mezani mtu akiwa na paja la kuku mkononi. Mimi nina kanuni moja tu: kila ninapoalikwa naenda na bakuli langu, lakini bakuli la kutosha watu sita. Ukienda na chakula chako peke yako unaonekana una maringo. Idi ya kuchinja nyama inaletwa mpaka mlangoni, nami naipokea kwa mikono miwili, nashukuru, kisha naipeleka kwa mama wa nyumba ya nyuma mwenye watoto watano. Sijawahi kumrudishia mtu sahani yake, na sahani hairudi tupu: inarudi na vitumbua.

Mwaka huu nilikwenda tena Tanga. Mama mkubwa safari hii alikuwa ameloweka mbaazi tangu jana yake, na jogoo yuko uani anapekua majivu. Nilikaa karibu na jiko nikimtazama anavyochota na kumimina, hakosei hata mara moja, na mazungumzo yake hayakatiki. Akapakua bakuli langu la kwanza, akalisukuma kwangu. Juu palikuwa panang'aa.

"Mama, hii nini?"

"Samli. Kijiko kimoja tu, kwa harufu."

Bakuli lile nikampa mjukuu wake, na mimi nikajipakulia kutoka kwenye sufuria.