Somo: Kamera ya mkanda ya mtumba inayokataa kushika fokasi

Wakuu, kamera ya mtumba ikikupa picha zenye ukungu, weka bisibisi chini kwanza. Nyingi zimeharibiwa na watu walioanza kufungua kabla hawajajua wanatafuta nini, na huenda yako imeshapita mikononi mwa mtu wa aina hiyo. Somo hili ni la SLR ya milimita 35, yaani kamera yenye kioo ndani. Aina nyingine nitazigusa kwenye maswali.

Mwanga ukishapita kwenye lenzi una njia mbili. Kioo kikiwa chini, unapanda hadi kwenye skrini unayoitazama. Kioo kikiinuka, unakwenda moja kwa moja hadi kwenye mkanda. Njia hizo lazima zilingane urefu. Kwa kamera za M42 (zile ambazo lenzi yake hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu), kutoka uso wa kifungio cha lenzi hadi usawa wa mkanda ni milimita 45.46, Nikon F ni 46.5, Canon FD ni 42. Ikizidi au kupungua hata sehemu moja ya kumi ya milimita, picha iliyopigwa lenzi ikiwa wazi sana, kama f/1.4, imeshaharibika.

Hatua ya 1: Zisome picha ulizonazo. Chukua kioo cha kukuzia uangalie negativu. Kama ulilenga macho ya mtu na kilichotoka kikali ni masikio, hapo kweli fokasi imehama. Kama hakuna kitu chochote kikali popote, na mistari yote imevutika upande mmoja, mkono wako ulitikisika. Taa zikiwa na mwanga uliosambaa kama moshi, mulika tochi ndani ya lenzi: utakuta kuvu au utando wa mafuta, na hilo halirekebishwi na somo hili.

Hatua ya 2: Maliza yaliyo rahisi. Kama unavaa miwani, ivae. Hakikisha lenzi imeingia hadi mwisho. Kisha itoe uangalie sponji inayopokea kioo kinapoinuka. Kwenye kamera za zamani sponji hiyo huoza ikawa kama lami, ikanasa kioo kisishuke hadi kwenye kituo chake. Ondoa uchafu huo kwa kijiti cha meno na spiriti kidogo. Uso wa kioo chenyewe usiupanguse kwa kitambaa, maana rangi yake ya fedha iko juu, si nyuma kama kioo cha nyumbani, na hukwaruzika upesi. Tumia pampu ya upepo tu.

Hatua ya 3: Kipimo chenyewe. Hapa ndipo pa kutuliza akili. Tafuta kipande cha plastiki ngumu au kioo chembamba chenye ukungu upande mmoja, kikatwe upana wa milimita 35 na urefu kama sentimita 5. Fungua mgongo wa kamera ikiwa haina mkanda. Utaona reli nne: mbili za ndani ndizo mkanda hulalia, mbili za nje ni za bamba la kuukandamiza. Kipande chako kikae juu ya zile za ndani, katikati ya zile za nje, upande wa ukungu ukitazama lenzi. Ukikiweka juu ya reli za nje, vipimo vyote vitakudanganya.

Funga kamera kwenye stendi, weka shata (pazia linaloruhusu mwanga ufike kwenye mkanda) kwenye B, yaani ibaki wazi muda wote kitufe kikiwa kimebonyezwa, fungua lenzi hadi namba yake ndogo kabisa ya f, kisha ifyatue kwa waya wenye kufuli ili shata ibaki wazi. Lenga kitu cha mbali sana, mfano mnara au ukingo wa mlima, pete ya fokasi ikiwa kwenye alama ya nane iliyolala, yaani mbali kabisa. Picha itatokea kwenye kipande chako juu chini. Ikague kwa kioo cha kukuzia. Halafu funga shata na, bila kugusa pete, tazama kitu kilekile dirishani, yaani kwenye kitundu cha kamera unachotazamia.

Hatua ya 4: Toa hukumu. Nyuma, kwenye kipande chako, pakali na dirishani pana ukungu: lenzi ni nzima, tatizo ni kioo au skrini. Kote kuna ukungu: anza kuishuku lenzi. Dirishani pakali na nyuma pana ukungu: ni kioo au skrini tena, na huenda lenzi ilishachezewa ili ifuate dirisha bovu. Mkanda ndio hakimu, kwa hiyo unanyoosha lenzi kwanza, dirisha baadaye.

Hatua ya 5: Rekebisha. Skrini mara nyingi imerudishwa kichwa chini na fundi aliyeisafisha. Kwa kamera nyingi upande wa ukungu hutazama kioo. Vibati vyembamba vilivyo juu yake visipotee. Kituo cha kioo nacho kwa kawaida kina pini inayozungushwa: sogeza kidogo sana, tazama, rudia. Kwa lenzi, legeza skrubu ndogo zinazoshika pete ya nje (mara nyingi ni tatu), tafuta picha kali ya mbali kwenye kipande cha ukungu, kisha irudishe pete ikisoma nane iliyolala na ukaze.

MASWALI

Swali: Mkuu, selotepu isiyong'aa haifai badala ya hicho kipande?
Jibu: Inafaa kwa kukisia tu. Hulegea katikati, na huko katikati ndiko unakopima.

Swali: Yangu ni ya rangefinder, isiyo na kioo cha kuinuka, ambayo unalenga kwa kukutanisha picha mbili dirishani. Zile picha mbili hazikutani kitu kikiwa mbali.
Jibu: Pima lenzi kwanza kama hatua ya 3. Ikiwa nzima, tafuta skrubu ya kurekebishia. Mahali pake hutofautiana, mara nyingi imefichwa chini ya kifuniko kidogo upande wa mbele au chini ya kiatu cha flashi. Zungusha robo tu kwa mara moja. Picha zikipishana juu na chini, hiyo ina marekebisho yake tofauti.

Swali: Pete ya fokasi imekaza kama imegundishwa. Nipulize mafuta?
Jibu: Hapana kabisa! Yatafika kwenye majani ya lenzi, yale yanayofungua na kuziba tundu la mwanga, na kuyanasa. Grisi ya zamani imekauka, inabidi lenzi ifunguliwe. Hesi zake zina sehemu kadhaa za kuanzia, hivyo chora alama pale zinapoachana. Ukiingiza pasipo penyewe, pete itazunguka vizuri tu lakini vitu vya mbali hutavipata.

Swali: Nikimaliza lazima nipige mkanda mzima kuhakikisha?
Jibu: Fremu chache zinatosha. Laza futi ya kupimia kwa mshazari mbele ya kamera, lenga namba mojawapo kutoka umbali wa mita moja, lenzi ikiwa wazi kabisa. Baada ya kila fremu vuruga fokasi ulenge upya, na uandike namba uliyolenga.