Mtwara hadi Mumbai: umbali, muda wa kuruka na saa za kwenye tiketi

Nakata tiketi za ndege hapa Mtwara mjini, na wengi wanaoulizia Mumbai wanapeleka mgonjwa. Swali lao la kwanza ni moja: "Dada, tutakaa angani masaa mangapi?" Hesabu hiyo unaweza kuipiga mwenyewe.

Anza na umbali. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Mtwara iko digrii 10.3 kusini mwa ikweta, Dar 6.9. Tofauti ni 3.4, zidisha kwa 111, unapata kama 380. Dar imesogea magharibi kidogo, kwa hiyo hewani ni karibu kilomita 400. Basi linapita 550, maana barabara inazungukia Mingoyo na Nangurukuru hadi Daraja la Mkapa. Dar hadi Mumbai moja kwa moja ni karibu kilomita 4,700. Ukipitia Doha zinafika 6,100 hivi, bado kusubiri.

Muda: gawanya umbali kwa mwendo wa ndege, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ndege kubwa huenda kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo Dar hadi Mumbai ni kama saa sita, upepo wa juu ukiongeza au kupunguza kidogo. Mtwara hadi Dar kwa ndege ndogo ya panga boi, weka saa moja.

Panapoumiza watu ni saa za kwenye tiketi, na hapa huwa simwachi mtu aondoke mpaka anisomee mwenyewe. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji wake: ya kuondoka ni ya mji unaotoka, ya kufika ni ya mji unaofikia. Chukua mfano: kuondoka Dar Ijumaa 00:40, kufika Mumbai 09:10. Ukitoa unapata saa nane na nusu, lakini India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ziondoe, zinabaki sita. Kurudi unaziongeza: ukitoka huko 05:00 unafika Dar 08:30, na umeruka saa sita zile zile.

Sasa hiyo Ijumaa 00:40. Ni saa saba kasoro dakika ishirini, usiku wa kuamkia Ijumaa. Alhamisi saa tatu na nusu usiku uwe umeshafika uwanjani na mgonjwa wako. Atakayesubiri Ijumaa jioni atakuta ndege imeshaondoka, na pengine miadi ya hospitali imepotea. Inaniuma sana, kwa sababu hela yenyewe mara nyingi imechangwa na ukoo mzima, wengine wameuza korosho.

Ndege ya kutoka Mtwara panda Alhamisi hiyo asubuhi, au hata siku moja kabla, usiibananishe na ya usiku. Na kama mgonjwa anameza dawa kila baada ya saa kumi na mbili, muulize daktari wake mapema dozi ya kwanza ya Mumbai iwe saa ngapi za kule, uiandike nyuma ya karatasi ya tiketi.